Kampala kwa mgeni: maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu pa kutembelea na pa kula

Mimi na mume wangu tunakaa Kampala, na nyumba yetu haikosi wageni: mashemeji kutoka Mombasa, jamaa wa Bukoba, rafiki wa Goma anayepitia kuelekea Nairobi. Maswali yao hufanana, basi tumeyakusanya hapa pamoja na majibu tunayowapa. Mume wangu amekulia Bombo, kaskazini mwa Kampala, mimi Mengo, humu mjini. Pale ambapo hatukubaliani, tumesema wazi ni neno la nani.

## Kabla hujafika

Nipange siku ngapi?

Tatu zinatosha, ukifuata kanuni moja: upande mmoja wa mji kwa siku moja. Kampala imejengwa juu ya vilima na mabonde, na barabara zake zote zinakutana mahali pamoja katikati, kwa hiyo anayetaka kuvuka mji mara mbili kwa siku ataona magari zaidi kuliko mji wenyewe. Siku ya kwanza ikae magharibi: Old Kampala, Namirembe, Rubaga, Mengo na Kasubi. Ya pili iwe ya Makumbusho, Makerere, Wandegeya na Kikaaya. Ya tatu nendeni ziwani.

Kanuni ya pili, ambayo kwangu ni kubwa zaidi, ni kupanga siku kwa kuzunguka chakula cha mchana. Chakula kizuri cha nyumbani Kampala hupikwa asubuhi na kuliwa kati ya saa saba na saa tisa. Mgeni anayekula biskuti mchana akisema atakula vizuri usiku hukuta sufuria zimeoshwa.

Nitaeleweka nikiongea Kiswahili?

Utaeleweka mahali pengi, ila si kila mahali utajibiwa kwa Kiswahili. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe kwa nguvu zaidi shuleni. Lakini wazee wengi wa Buganda walikijua kama lugha ya askari na vizuizi vya barabarani, na kumbukumbu hiyo haifutiki kwa azimio. Vijana wameshaachana na kumbukumbu hiyo. Mtaa wa Kisenyi, soko la Owino na kwenye vituo vya mabasi utaongea bila shida, na Bombo ndiyo kabisa, maana Wanubi wa hapo, wazao wa askari kutoka Sudani, wamekitumia miaka yote.

Kokote uendako, anza na salamu ya Kiganda. Mwambie mwanamume “ssebo”, mwanamke “nnyabo”, uliza “oli otya?”, kisha endelea kwa lugha yoyote uliyo nayo. Anayeingia dukani na kuuliza bei kabla ya kusalimu huonekana hana adabu, na bei atakayotajiwa itamwonyesha hivyo.

Mpakani wanataka nini?

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kila mtu. Wakenya na Wanyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Mtanzania abebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kutoka Nairobi utapitia Busia au Malaba, kutoka Bukoba ni Mutukula.

Ndani ya mji nisafiri kwa nini?

Matatu hapa zinaitwa teksi. Ni zile za rangi nyeupe zenye mistari ya buluu, na hazina ratiba: hungoja zijae. Ukitaka gari lako peke yako, sema “spesheli” na mpatane bei kabla ya kufungua mlango.

Bodaboda ndiyo inayopenya kwenye msongamano, na ndiyo inayojaza wodi za mifupa. Sisi hutumia zile za kuitwa kwa programu ya simu kama SafeBoda, kwa sababu bei inajulikana mapema na abiria hupewa helmeti. Ivae. Simu iweke mfuko wa ndani, na kwenye teksi iliyosimama foleni usiishike karibu na dirisha lililo wazi.

Msimu gani ni mzuri?

Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata Januari hutaona joto la Dar es Salaam. Mvua nyingi ni za saa moja au mbili, kisha jua hurudi na tope hubaki. Viatu vyeupe viache nyumbani. Mwezi wa Novemba una sababu yake nyingine (tazama swali la senene, wale panzi wa kuliwa).

## Vilima, majumba na makaburi

Nikiwa na asubuhi moja tu, niende wapi?

Old Kampala, kwenye Msikiti wa Taifa. Kwenye kilima hiki ndipo Lugard, afisa wa Kiingereza, alipojenga ngome yake mwaka 1890 na mji wa kikoloni ukaanzia hapo. Idi Amin aliutoa mlima huo kwa Waislamu na ujenzi ukaanza miaka ya 1970, kisha ukakwama kwa miongo hadi Libya ya Muammar Gaddafi ilipoumalizia. Wenyeji wengi bado wanauita Msikiti wa Gaddafi.

Lipa kiingilio, upewe mwongozaji, kisha upande mnara. Ngazi ni zaidi ya 300 na zinazunguka, panda polepole. Ukifika juu ndipo Kampala inapoanza kueleweka: Namirembe na Rubaga upande mmoja, Makerere upande mwingine, Kibuli ng'ambo na msikiti wake, na chini yako kituo cha zamani cha teksi kilichojaa paa nyeupe za magari. Mume wangu huwaleta wageni wote hapa asubuhi ya kwanza, kabla hawajaona kingine, na katika hili nakubaliana naye moja kwa moja. Mwombe mwongozaji akutajie kila kilima kwa jina. Baada ya hapo hutapotea tena.

Wanawake wasio na mavazi ya kujisitiri hupewa vitambaa mlangoni. Ijumaa mchana ni ya ibada, uje siku nyingine.

Makaburi ya Kasubi hayakuungua?

Yaliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na watu wazima walilia barabarani. Ni mahali walipolazwa makabaka, yaani wafalme wa Buganda, wanne: Muteesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Muteesa wa Pili. UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, ikayaweka kwenye orodha ya hatari baada ya moto, na ikayaondoa kwenye orodha hiyo mwaka 2023 baada ya kazi ya miaka mingi.

Jengo kuu, Muzibu Azaala Mpanga, limejengwa tena kwa mbinu za wazee. Ukiingia tazama juu: dari ina pete 52 za nyasi zilizosukwa, kila moja ikisimamia ukoo mmoja wa Baganda. Mapazia ni ya lubugo, kitambaa kinachotolewa kwenye gome la mti wa mutuba na kugongwa kwa nyundo za mbao hadi kiwe chepesi na cha rangi ya udongo mwekundu. Nyuma yake ni msitu, ambako inaaminika makabaka wapo, maana Kabaka hasemwi kuwa amekufa.

Viatu vinavuliwa na mnakaa chini kwenye mikeka. Mwanamke avae sketi ndefu au ajifunge leso. Kwa kuwa pana shughuli za kimila, ulizieni siku moja kabla kama wageni wanapokelewa.

Lubiri, kwenye kasri la Kabaka, pana nini cha kuona?

Pana mambo mawili yasiyofanana, na ni vyema ujiandae kwa yote mawili.

La kwanza ni ufalme. Kasri la Twekobe linatazama barabara iliyonyooka hadi Bulange, bunge la Buganda, kwenye kilima cha pili. Katikati ya barabara kuna mzunguko wa magari, na ndani ya mzunguko huo pamewekwa kijilango: Kabaka hazunguki, yeye hupita katikati moja kwa moja. Sisi wengine wote tunazunguka.

La pili ni mauti. Mwezi Mei 1966 jeshi la Obote, chini ya Amin, lilishambulia kasri hili na Muteesa wa Pili akakimbilia uhamishoni Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969. Baadaye, ndani ya uwanja huo huo, ghala la silaha la zege liligeuzwa gereza. Utashuka kwenye ujia wenye giza, vyumba vikiwa vimepangwa upande mmoja, sakafu zake zikiwa juu ya usawa wa ujia. Waongozaji wanaeleza kwamba ujia ulijazwa maji yenye umeme ili asithubutu mtu kutoka. Ukutani kuna alama za viganja na maneno ya waliofungwa humo. Mimi nimezaliwa karibu na ukuta wa Lubiri, na bado sipendi kukaa humo zaidi ya dakika chache. Lakini nenda. Usiwapeleke watoto wadogo.

Namirembe au Rubaga?

Makanisa yote mawili, yako karibu na unaweza kutembea kwa miguu. Namirembe ni kanisa kuu la Waanglikana, la matofali mekundu, lililokamilika mwaka 1919. Katika makaburi yake amezikwa Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na Daktari Albert Cook aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Rubaga ni la Wakatoliki, la mwaka 1925; humo amelala Joseph Kiwanuka, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kufanywa askofu Mkatoliki, mwaka 1939. Kwa mandhari ya jioni, Namirembe.

Makumbusho ya Uganda yana thamani ya kiingilio?

Yana thamani, hasa chumba cha ngoma na ala za muziki, na nyumba za asili zilizojengwa uani. Ilianzishwa mwaka 1908 na ndiyo makumbusho ya zamani kuliko yote Afrika Mashariki.

Namugongo niende lini?

Siku yoyote, isipokuwa unataka hasa kuwa ndani ya umati wa tarehe 3 Juni. Siku hiyo huwakumbuka vijana wa kasri la Mwanga waliochomwa hapo mwaka 1886 kwa kukataa kuiacha imani, na mahujaji hutembea kwa miguu wiki nzima na zaidi, wengine kutoka Kenya na Tanzania. Vyumba vya kulala hujaa na barabara za upande huo hufungwa. Wafiadini 22 Wakatoliki walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Waanglikana wana eneo lao umbali mfupi tu; usiliruke.

Jioni tufanye nini?

Kituo cha Ndere, Ntinda, kwa ngoma. Katika onyesho moja utaona wachezaji wakikatika kwa Bakisimba ya Buganda, wakiruka kwa Larakaraka ya Waacholi, na mwanamke akiongeza chungu juu ya chungu kichwani huku anacheza. Mume wangu aliyekulia kwenye harusi za Kinubi za Bombo, anayejua ngoma nzuri ni ipi, hurudi kila tukipata mgeni. Jumapili ndiyo siku ya familia.

## Chakula

Mkahawani mnaagizaje? Naona menyu ina majina ya michuzi tu.

Ndivyo ilivyo. Unachochagua na kulipia ni mchuzi: nyama, kuku, samaki, maharage, karanga. Vingine vinakuja na mchuzi huo kwenye sahani moja: matoke, wali, ugali ambao hapa ni posho, kiazi kitamu, boga, muhogo, na kalo, ugali wa wimbi. Mhudumu atakuuliza unataka vitu gani kati ya hivyo. Mjibu “vyote, kidogo kidogo”. Juu yake huongezwa kijiko cha mboga za majani, dodo au nakati.

Matoke ya kweli ni ya mvuke. Ndizi humenywa mbichi, hufungwa ndani ya majani ya mgomba, hupikwa hadi ziive, kisha hukandwa zikiwa ndani ya majani hayo hayo na kurudishwa motoni kwa moto mdogo. Yakija ya manjano, laini, yanatoa mvuke, umefika mahali pazuri. Yakiwa yamepoa na kuwa magumu, lipa soda uondoke.

Tunachofuata sisi wawili ni foleni ya wafanyakazi. Mahali ambapo makarani wa ofisi na makanika wanakaa meza moja saa saba unusu, keti hapo. Soko la Nakasero na vichochoro vya Wandegeya vina wapishi wa namna hiyo.

Luwombo ni nini, na kwa nini mnaisifu hivyo?

Ni mchuzi uliopikwa ndani ya jani, na kama utakula chakula kimoja tu Buganda, kiwe hiki. Mpishi huchukua jani changa la mgomba lisilopasuka, hulipitisha juu ya makaa hadi lilegee na kung'aa, halafu hukwangua mshipa wa katikati kwa kisu ili likunjike bila kukatika. Ndani yake huweka kuku au nyama iliyokwisha kubanikwa kidogo, uyoga mkavu, na rojo la karanga. Anakusanya kingo zake juu, anafunga kwa kamba ya mgomba, na kulisimamisha ndani ya sufuria juu ya vikonyo vya ndizi ili lisiguse maji. Saa kadhaa za mvuke.

Kila mtu huletewa fungu lake. Fungua mwenyewe mezani, usikubali lifunguliwe jikoni, kwa sababu ule mvuke wa kwanza wenye harufu ya moshi na jani ndio nusu ya chakula. Ya kuku ndiyo ya sherehe. Ninayoipenda mimi ni ya samaki mkavu kwenye karanga. Mikahawa mingi ya chakula cha kienyeji huipika kila siku, lakini huisha mapema: piga simu saa nne asubuhi uwekewe.

Na rolex nile wapi?

Wandegeya, jioni, karibu na wanafunzi wa Makerere. Kijana hupigia mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki pamoja na kabichi, kitunguu na nyanya, huyamwaga kwenye kikaango cheusi, hulaza chapati juu yake, hugeuza mara moja, na kuviringisha. Simama umtazame mwenye chapati zinazotoka motoni wakati huo. Zilizorundikwa tangu mchana hukauka. Hapo hapo Wandegeya kuna kuku wanaookwa wakizunguka ndani ya kabati la kioo. Chapati ikikatwakatwa na kuchanganywa na maharage inaitwa kikomando, na mwenye njaa na pesa kidogo hatajuta.

Samaki?

Ggaba, kando ya ziwa, siku ya tatu ya mpango wetu. Sato mzima hukatwa mistari ubavuni na kukaangwa mbele yako. Mchague mwenyewe kabla hajaingia kwenye mafuta, na tazama macho: yawe angavu. Nenda mchana.

Mimi Mwislamu. Nitapata halali?

Kwa urahisi. Desturi ya muda mrefu Uganda ni ng'ombe, mbuzi na kuku wa kuuzwa kuchinjwa na Waislamu, hata wenye bucha wakiwa Wakristo. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, huuzwa sehemu zake maalumu na hutangazwa wazi. Mikahawa ya Wasomali iko Kisenyi na Old Kampala, na hapo ndipo mume wangu anaponitoroka akitaka wali wa mbuzi. Ulizeni pia lusaniya: pilau kwenye sinia kubwa, nyama juu yake, watu wanne wakila pamoja kwa mkono. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya mchana hubaki wazi kwa wasiofunga.

Sili nyama kabisa.

Umefika nchi ya karanga. Sema mchuzi wa karanga au maharage na upewe vyote vya sahani (tazama jibu la kuagiza). Kwa wapishi wa kaskazini tafuta malakwang, mboga chachu iliyopikwa kwa rojo la karanga na ufuta. Kwa wale wa Bugisu tafuta malewa, machipukizi ya mwanzi. Mikahawa ya Kihabeshi ya Kabalagala nayo ina sinia za kunde na dengu za siku za mfungo.

Senene wanaliwa kweli?

Wanaliwa na wanagombewa. Mgeni wa Bukoba haulizi swali hili. Huja na mvua za Novemba, na wengine kidogo mwezi Mei. Wanawake hukaa barabarani na mabeseni wakiwanyofoa mbawa na miguu, kisha wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu na chumvi. Nunua waliokaangwa siku hiyo.

Chai na kahawa?

Chai ya maziwa ukiitaka sema “chai ya Kiafrika”, itakuja na tangawizi. Kahawa ya robusta asili yake ni misitu ya hapa, ila ya kunywa agiza arabika ya Bugisu, mlima Elgon.

## Hali za pekee

Nina saa tano tu kati ya ndege na ndege.

Usije Kampala. Uwanja uko Entebbe, takriban kilomita 40, na hata barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2018 haikuokoi ukishaingia mjini. Nenda Bustani ya Mimea ya Entebbe, ya mwaka 1898, utembee chini ya miti mikubwa hadi ukingo wa ziwa. Mbega weusi kwa weupe huruka juu yako. Kisha ule sato hapo hapo Entebbe.

Tuna watoto, au mzee asiyeweza ngazi.

Hekalu la Wabahai, Kikaaya, lililofunguliwa mwaka 1961. Kuba ya kijani, bustani pana juu ya kilima, hakuna kiingilio, na gari hufika karibu. Kelele na mpira haviruhusiwi, lakini nafasi ya kukimbia ipo. Kwa mzee, hili na Makumbusho ndani ya siku moja yatoshe.

Jinja inawezekana kwa siku moja?

Inawezekana mkitoka saa kumi na mbili asubuhi. Ni karibu kilomita 80, mnapita msitu wa Mabira. Mtaona Nile ikitoka ziwani, mpande mashua, mrudi kabla ya giza. Simameni Namawojjolo: wachuuzi watakimbilia dirishani na kuku kwenye vijiti na gonja, ndizi tamu za kuchoma. Nunua gonja kwanza, kisha mguse kuku. Akiwa baridi mwambie akurudishie motoni, hakasiriki.

Naweza kuogelea ziwani?

Pwani zenye matete na maji yaliyotulia zina kichocho. Ogelea kwenye bwawa la hoteli.

Naweza kupiga picha popote?

Hapana. Askari, vizuizi, Ikulu na Bunge usielekeze kamera. Sokoni omba ruhusa, na ukimpiga mchuuzi picha, nunua kitu. Sanamu ya Uhuru ya Gregory Maloba, ile ya mama anayemwinua mtoto, iliyosimamishwa mwaka 1962, ipige upendavyo.

Nibebe nini nyumbani?

Lubugo na vikapu kutoka soko la sanaa nyuma ya Jumba la Taifa la Maigizo. Bei za kwanza ni za kujadiliwa. Kahawa ya kusagwa. Karanga zilizosagwa na ufuta, ndani ya chombo kinachofunga vizuri. Senene waliokaushwa wanasafiri vizuri, luwombo haisafiri. Mkungu wa matoke unapanda basi kama mzigo, ila patana na kondakta kabla haujapandishwa, na uukate ukiwa mbichi kabisa: wa kuanza kuiva utafika Nairobi au Mwanza ukiwa ndizi mbivu.